BINTI YETU NI MUUGUZI: TUMPE NA MIEZI 18 YA UKUNGA



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, wazazi na wanafunzi, kuna swali ambalo sisi tunaofundisha madrasa tumelizoea: "Sheikh, mke wangu yu karibu kujifungua. Je, inajuzu ahudumiwe na daktari mwanamume?" Jibu letu ni lile walilolitoa wanavyuoni. Mwanamke hutangulizwa. Akikosekana, dharura ina hukumu yake, na uhai wa mama na mtoto hauwekwi rehani. Muulizaji huridhika akaenda zake.

Swali la pili halituulizwi, nalo ndilo tunaloliandikia leo. Huyo mwanamke anayetangulizwa atatoka wapi? Nani amemsomesha, na kwa pesa ya nani? Tunataka wake zetu wasitiriwe, nalo ni jambo jema, lakini stara ya wodi ya wazazi haishuki kutoka mbinguni. Huletwa na binti wa mtu aliyekesha akisoma, akafanya zamu za usiku, akafuzu mtihani na kusajiliwa. Katika familia nyingi za Kiislamu hapa Uganda na kwa jirani zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo, binti huyo tunaye tayari, ila tumemwacha nusu ya njia. Amekwisha kuwa muuguzi, na hajawa mkunga.

MUUGUZI SI MKUNGA

Hapa kwetu kila aliyevaa nguo nyeupe huitwa musawo. Daktari ni musawo, muuguzi ni musawo, hata muuza dawa wa dukani ni musawo. Ni neno la heshima, lakini linatufichia tofauti. Mzazi akisikia binti yake muuguzi anataka kurudi chuoni kusomea ukunga, humwuliza: "Kwani wewe si musawo tayari? Unasoma nini tena?"

Muuguzi aliyesajiliwa amefundishwa kumhudumia mgonjwa. Anajua dawa, kidonda, sindano, homa, na kumwangalia aliyetoka kupasuliwa. Mkunga kazi yake ni mama mwenye mimba, uchungu, kuzaa, na siku za baada ya kuzaa pamoja na mtoto mchanga. Mjamzito kwa kawaida si mgonjwa, ila anaweza kugeuka mgonjwa mahututi ndani ya nusu saa. Mkunga hufundishwa kuyatambua mageuzi hayo kabla watu waliosimama mlangoni hawajajua kuna jambo.

Tutaje mifano michache ili wazazi waelewe. Mkunga hupapasa tumbo akajua mtoto amelalaje, kichwa kiko chini au ni matako yanayotangulia. Wakati wa uchungu huandika katika chati maalumu jinsi njia inavyofunguka, mapigo ya moyo ya mtoto, na mapigo na presha ya mama, ili uchungu uliokwama ujulikane mapema. Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya ya kazi hiyo mwaka 2020. Mkunga hujua la kufanya bega la mtoto linapokwama baada ya kichwa kutoka, jambo lisilosubiri daktari apigiwe simu. Huitambua dalili ya kifafa cha mimba katika presha na katika maumivu ya kichwa ambayo mama mwenyewe anayaona madogo. Na mtoto akizaliwa bila kupumua, ile dakika ya kwanza ni yake mkunga.

Tuongeze damu, kwa maana ndiyo inayoua mama wengi kuliko sababu nyingine. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000. Chini ya mama aliyejifungua waliweka karatasi ya plastiki yenye mfuko na alama za vipimo, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, na tiba zote zikatolewa kwa pamoja mara tu damu ilipozidi. Kutoka damu kupita kiasi, kupasuliwa kwa sababu ya damu, na vifo vyake, kwa jumla vikapungua kwa asilimia 60. Kifaa chenyewe ni plastiki ya bei ndogo. Kilichookoa watu ni plastiki hiyo pamoja na mkono uliofundishwa nini kifanyike, kwa mpangilio gani, na upesi.

Kwa hiyo binti muuguzi anayesema "sijui ukunga, nataka kwenda kujifunza" si mvivu wa kazi wala mpenda vyeti. Amesema kweli, na anaogopa dhima ya roho za watu. Anastahili kusifiwa.

NINI KIMO NDANI YA MIEZI HIYO

Zipo njia mbili za kuwa mkunga. Shirikisho la Kimataifa la Wakunga limeweka kiwango kwamba anayeanza ukunga moja kwa moja asome si chini ya miaka 3, na aliyekwisha kuwa muuguzi asome si chini ya miezi 18. Tena si chini ya nusu ya masomo iwe kazini, katika kliniki na wodi, na si chini ya asilimia 40 iwe darasani. Uuguzi wake haukupotea basi, umemfupishia safari kwa nusu nzima.

Sheria ya Umoja wa Ulaya nayo inaitaja miezi 18 kuwa muda wa chini kwa muuguzi, na imeeleza kwa hesabu anayopaswa kuyafanya mwanafunzi kabla ya kuitwa mkunga. Awapime wajawazito na kutoa ushauri mara zisizopungua 100. Azalishe mwenyewe wanawake wasiopungua 40, na pale ambapo wazazi ni wachache, 30, na ashiriki katika uzazi wa wengine 20. Awahudumie wanawake 40 ambao mimba au uzazi wao una hatari. Na awaangalie mama waliojifungua pamoja na watoto wao wazima, mara zisizopungua 100. Ireland, kwa mfano, ina stashahada ya juu ya ukunga ya miezi 18 kwa wauguzi waliosajiliwa.

Tumezitaja hesabu hizo ili kila mzazi aone uzito wake. Hakuna semina ya siku tatu inayoweza kumpa binti wanawake 40 mikononi mwake, akiwa na mwalimu pembeni anayemsahihisha.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yanatofautiana. Tanzania na Kenya mafunzo ya msingi ya stashahada yana uuguzi na ukunga pamoja. Uganda kwa muda mrefu imewafundisha na kuwasajili wauguzi na wakunga kwa njia mbili tofauti, chini ya Baraza la Wauguzi na Wakunga. Juu yake kuna shahada za uzamili. Chuo Kikuu cha Makerere kinafundisha uzamili wa uuguzi katika ukunga na afya ya wanawake, na Chuo Kikuu cha Muhimbili cha Dar es Salaam kilianza uzamili wa ukunga na afya ya wanawake mwaka 2014, kwa ushirikiano na chuo cha St. Luke's cha Tokyo.

Hapa tunawaomba wanafunzi wawe waangalifu. Masomo ya uzamili si ya aina moja. Yapo yanayomwandaa muuguzi kusajiliwa kuwa mkunga, na yapo yanayomchukua aliye mkunga tayari yakamfanya mwalimu, mtafiti au kiongozi wa wodi. Yote ni mema, lakini asiyeuliza anaweza kulipa ada ya miaka miwili akatoka na shahada kubwa bila ruhusa ya kuzalisha. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, ulizeni mambo manne:

1. Je, mwenye kumaliza kozi hii husajiliwa kuwa mkunga na baraza la nchi yetu? Jibu litafutwe kwa baraza lenyewe, si kwa karani wa chuo peke yake.

2. Mwanafunzi atafanyia mazoezi hospitali ipi, na atazalisha wanawake wangapi chini ya msimamizi?

3. Uuguzi wa miaka mingapi unatakiwa kabla ya kuingia, na cheti chake cha sasa kinakubaliwa?

4. Akisomea nje ya nchi, akirudi atatambuliwa, na kwa masharti gani?

WALIVYOIONA KAZI HII WANAVYUONI

Wapo wanaoidharau kazi ya ukunga, wakiiona ni kazi ya damu na uchafu. Kwa hao tunasema warudi katika vitabu. Wapokezi wa sira wametaja kwamba Bi Shifaa, mama yake Abdurrahman bin Auf (r.a.), alikuwa mkunga katika kuzaliwa kwa Mtume (s.a.w.). Bi Rufaida wa kabila la Aslam aliwekewa hema katika msikiti wa Madina kuwatibu majeruhi, na humo alihudumiwa Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa vita vya Handaki. Ibn Khaldun katika Mukaddima yake, aliyoimaliza mwaka 1377, aliuwekea ukunga mlango wake peke yake, akauhesabu miongoni mwa kazi ambazo jamii haiwezi kuishi bila hizo. Mafakihi nao walikubali ushahidi wa wanawake peke yao katika mambo ya uzazi yasiyoonwa na wanaume. Hiyo ni heshima kubwa kwa elimu yao.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana maneno yanayotugusa sisi walimu wa madrasa hasa. Katika Ihyaa aliihesabu tiba kuwa ni faradhi ya kutosheleza, yaani wakiifanya baadhi, dhima huwaondokea wote, na wakiiacha wote, wote hupata dhambi. Kisha akalalamika kwamba miji mingi ya zama zake haikuwa na tabibu Mwislamu, na huku watu wamesongamana katika fikihi. Zimepita zaidi ya karne tisa, na malalamiko yale yangeweza kuandikwa jana.

Msomaji asituelewe vibaya. Wakunga wasio Waislamu wamewazalisha mama zetu kwa ihsani kubwa, nasi tunawashukuru. Katika Kampala hii hii, hospitali ya Mengo ilianzishwa na daktari mmisionari Albert Cook mwaka 1897, na mkewe Katharine akaanzisha mafunzo ya wakunga wa Kiganda zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Walijenga kwanza shule ya kuwafundisha mabinti, na matunda yake yanaonekana hadi leo. Nasi hatujashindwa kujenga, kwani Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale mwaka 1988 na kimesomesha maelfu. Tunachosema ni kwamba mwenye kutaka stara ashiriki kuigharimia, asiwe mwenye kudai tu.

VIKWAZO VINAVYOTAJWA NYUMBANI

Cha kwanza ni zamu za usiku. Baba husema, "Binti yangu hawezi kulala nje." Wasiwasi wa baba tunauheshimu, kwa maana ni mlinzi wa nyumba yake. Lakini mtoto hachagui saa ya kuzaliwa, na mke wa baba huyo huyo akishikwa na uchungu saa nane za usiku atataka kumkuta mwanamke kazini. Dawa yake ni kupanga. Apatikane mwanafamilia wa kumpeleka na kumrudisha, au mwenye bodaboda anayejulikana na familia, au bweni la wasichana lililo jirani na hospitali. Baba aende mwenyewe akaonane na msimamizi wa wodi. Mambo hayo yanawezekana, na wenzetu wengi wameyafanya.

Cha pili ni ndoa. Mchumba huweka sharti kwamba masomo yaishie hapo. Tunawashauri mabinti na mawalii wao walizungumze jambo hili kabla ya nikaha, wazi na kwa maandishi, kama wanavyozungumza mahari. Miezi 18 si umri mzima. Na waume vijana wajiulize kwa insafu: nitamwomba Mwenyezi Mungu ampe mke wangu mkunga mwema, na huku nimemzuia mke wangu kuwa mkunga wa mke wa mwenzangu?

Cha tatu ni mshahara. Binti muuguzi mara nyingi ndiye anayelipa ada za wadogo zake na kununua dawa za mama. Akienda masomoni, nyumba nzima inatikisika. Kikwazo hiki ndicho kigumu kuliko vyote na hakitatuliwi kwa mawaidha. Kinatatuliwa kwa pesa, na hapa ndipo tunapofika kwenye ombi letu.

MFUKO WA WAKUNGA KATIKA KILA MSIKITI

Tunazo nguvu. Ikija kwanjula ya kijana wetu, mahema hupatikana, mchele hupatikana na magari hupatikana, yote ndani ya wiki chache. Ukijengwa mnara, michango hutoka hata kwa maskini. Hatuyapingi hayo. Tunaomba jambo moja dogo liwekwe pembeni yake.

Tuchukue msikiti wenye waumini 300. Kila mmoja akitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, bei inayokaribia ya soda moja, msikiti hupata 600,000 kila mwezi. Kwa miezi 18 ni shilingi 10,800,000. Zinaweza zisitoshe kwa kila kozi na kila mahitaji ya nyumbani, lakini binti aliyekuwa na sifuri sasa ana mahali pa kuanzia. Misikiti mitatu ya mtaa mmoja ikiungana, hesabu inabadilika kabisa.

Mfuko huo uendeshwe kwa amana. Kamati iwe na wanawake ndani yake, kwa sababu wao ndio wanaoijua wodi. Ada ilipwe chuoni moja kwa moja, na hesabu zisomwe mbele ya watu kila robo mwaka. Achaguliwe muuguzi aliyesajiliwa, mwenye kazi nzuri na tabia njema, si mtoto wa mwenyekiti. Kuhusu kutumia zaka kwa mwanafunzi mhitaji, kamati iwaulize masheikh wa eneo lake. Sadaka na wakfu mlango wake ni mpana. Na binti akimaliza, aombwe kuwahudumia watu wa eneo lake kwa muda watakaokubaliana, bila kufungwa kama mdaiwa.

JE, KUNA FAIDA INAYOONEKANA?

Ipo. Uchunguzi wa kitaifa wa Uganda wa mwaka 2016 ulikadiria vifo 336 vya mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 189. Sababu ni nyingi, lakini hakuna anayebisha kwamba mama kuzalia mikononi mwa mtu aliyefundishwa ni mojawapo. Kazi haijaisha. Duniani kote mwaka 2023 walikadiriwa kufa wanawake 260,000 kwa sababu ya mimba na uzazi, yaani kama 700 kila siku, na karibu 7 katika kila 10 ni wa Afrika ya chini ya Sahara. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu ukunga ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba dunia ina upungufu wa wakunga 900,000. Aya ya 32 ya Sura al-Maida imetufundisha thamani ya kuokoa nafsi moja, na kila mwalimu wa madrasa ameisomesha. Wenye kuifanyia kazi usiku na mchana ni hawa.

NENO LA MWISHO

Kwa mabinti wauguzi: msingoje mfuko ukamilike ndipo muulize. Nendeni barazani, pateni masharti ya kozi, andikeni barua, leteni msikitini hesabu iliyo wazi. Kamati husaidia haraka zaidi inapoona karatasi mkononi. Someni kwa nia ya ibada, na mkisharudi, wafundisheni wanawake wa mtaani dalili za hatari katika darasa zao.

Kwa wanafunzi wa sekondari wanaosoma sayansi: ukunga mnaweza pia kuuingia moja kwa moja, bila kupitia uuguzi. Msiuache kwa kudhani ni kazi ya walioshindwa.

Kwa waume: mpaka wakunga hao wapatikane, asicheleweshwe mama nyumbani kwa kutafutiwa mwanamke wa kumhudumia. Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, mtoto akiacha kucheza, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na amhudumie aliyepo. Dini haikuja kuua mama.

Na kwa maimamu wenzetu: Ijumaa moja tu, baada ya khutba, atajwe binti mmoja muuguzi wa mtaa wenu, kwa idhini yake na ya familia yake, na ihesabiwe hadharani anahitaji nini ili awe mkunga.

Sura ya 19 imetuhifadhia habari ya Bibi Maryam (a.s.) alivyoshikwa na uchungu akiwa peke yake kwenye shina la mtende. Allah (s.w.) mwenyewe ndiye aliyemsimamia. Wake zetu na mabinti zetu Allah amewawekea watu wa kuwasimamia, na kuwasomesha watu hao ni juu yetu.

Tunamwomba Allah (s.w.) awahifadhi mama wote wenye mimba, awape wepesi wakati wa uchungu, awarehemu waliokufa katika uzazi, na awape mabinti zetu elimu yenye manufaa. Aamin.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.